Kadi Kumi na Mbili za Jumanne

MFUKO WA BIMA YA AFYA
Kitengo cha Uhakiki wa Madai
6 Februari

Kwa Mganga Mfawidhi wa Kituo,

YAH: MADAI YA KLINIKI YA WAJAWAZITO, KIKUNDI CHA JUMANNE

Somo hapo juu lahusika. Uhakiki umebaini kwamba wajawazito kumi na wawili wameandikwa kuhudumiwa siku moja, saa ile ile, na mkunga mmoja. Aidha, presha na uzito katika kadi zao za kliniki vimeandikwa kwa miandiko tofauti isiyopungua tisa, na hakuna hata mmoja ulio wa mtumishi wa kituo. Hizi ni dalili za kughushi.

Kwa hiyo madai yamekataliwa, na kadi za bima za wanachama wote kumi na wawili zimefungwa hadi uchunguzi ukamilike.

Wako katika kazi,
Mhakiki wa Madai, Dawati la 7

*

12 Februari

Chambua mdogo wangu,

Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananikumbusha umri. Wewe nadhani mzima pia, simu yako ndiyo mgonjwa, maana kila nikipiga uko kwenye kikao. Kikao gani hicho kisichoisha, mnajadili mwisho wa dunia? Ndiyo maana naandika. Dereva wa gari la dawa hurudi huko mjini kila Alhamisi na amekubali kukupa barua mkononi. Simu unaikata, hii huwezi.

Nina ugomvi na nyinyi watu wa Mfuko. Unakumbuka nilikuambia nina kikundi changu cha Jumanne? Sijui ulisikiliza au uliitikia tu. Ni kliniki. Zamani mjamzito alikuwa anakaa foleni saa tatu, anaingia kwangu dakika nne, namshika tumbo, namwambia kula vizuri, mwingine. Hata uso wake sikuwa naukumbuka. Mwaka jana Mfuko wenyewe ukakubali kulipia kikundi kwa majaribio. Nikachukua wanawake kumi na wawili wenye mimba za umri mmoja, nikapanga mabenchi duara kwenye chumba cha chanjo, tunakaa saa mbili nzima. Tumbo nawapima mmoja mmoja nyuma ya pazia. Lakini uzito wanapima wenyewe, na presha wanapimana wawili wawili. Mmoja anafunga mkono wa mwenzake, anasoma, anaandika kwenye kadi ya mwenzake. Nimewafundisha mimi. Wanajua namba ipi ni ya kutisha kuliko baadhi ya manesi ninaofanya nao kazi.

Yupo mmoja tunamwita Kicheko. Huyo akicheka hata pale dirishani kwa dawa wanageuka. Mimba yake ya kwanza ilitoka, ya pili alihudhuria kliniki mara moja tu kwa kuogopa foleni, na mtoto hakuishi wiki. Hii ya tatu hajakosa Jumanne hata moja. Mwenzake wa kupimana ni fundi cherehani, mwanamke mkavu asiye na maneno, na sijui hao wawili wamependana vipi.

Sasa tumeletewa barua kwamba tumeghushi, eti miandiko ni mingi. Si lazima iwe mingi, wanawake ni wengi! Fomu zimerudi na wino wa bluu pembeni, kila namba ya mwanachama imeandikwa upya kwa mkono, imepigiwa mstari. Mtu huyo ana mwandiko mzuri, hilo sitamnyima. Kadi zao zimefungwa, na ukifika dirishani kadi imefungwa unaambiwa lipa taslimu au rudi nyumbani.

Wewe uko humo ndani. Nitafutie mtu huyo ni nani, umweleze, afungue. Ni jambo la siku moja.

Dada yako,
Mkunga

*

20 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, na dereva amenisalimia kwa niaba ya magoti yako. Pole sana. Nisamehe kuhusu simu. Tukiingia ofisini tunaziacha kwenye sanduku la mlinzi, na tukitoka nimechoka kama punda wa kukodi.

Hilo la kikundi, kweli ulilitaja, lakini mimi nilidhani ni kikundi cha kina mama cha kusaidiana, kama walivyo navyo watu wote. Sikujua ni kliniki, na habari za hayo majaribio hazikufika kwenye kitengo chetu.

Nitaulizia. Ila ujue kwamba hapa tuko wahakiki wengi, na fomu zinakuja na namba ya kituo tu, jina la kituo halipo, kwa hiyo si rahisi kujua nani alishika nini. Pia zipo taratibu. Kituo kinaweza kuandika rufaa ndani ya siku sitini. Mwambie mganga mfawidhi aandike, aeleze kwa utulivu.

Msalimie Kicheko. Natumaini yote yatakuwa shwari.

Mdogo wako,
Chambua

*

20 Februari, jioni

Dada,

Hii sitaituma. Naiandika kwa sababu ile ya mchana haikusema kweli.

Dawati la 7 ni langu.

Fomu zako zilikuja kwangu mwishoni mwa Januari, kwenye rundo la mia na kitu. Nilikuwa napitisha tu, halafu nikaona kumi na mbili zinafanana saa. Nikaagiza kadi za kliniki. Zikaja na miandiko kama darasa la watoto, namba tisa zingine zimeinama, namba nne zimepinda, mmoja anaandika namba kubwa kama za mlangoni. Nikasema nimewakamata. Moyo ulinidunda kwa furaha, dada, sitakuficha. Miaka yote mmeniita Chambua kwa kuwa hakuna jiwe lililonipita kwenye maharage, na hapo nikaona jiwe.

Mkuu wa kitengo aliisoma kesi hiyo mbele ya watu wote wakapiga makofi. Nimepewa cheti. Kimetundikwa ukutani karibu na mtungi wa maji, na picha yangu, Mhakiki Bora wa Robo Mwaka. Nina mkataba wa muda hadi Juni. Juni ndipo wanaamua nani anabaki.

Nikienda leo kusema nilikosea, watauliza nimejuaje. Nitasema dada yangu ndiye mkunga. Watasema ahaa, sasa unamlinda dada yako. Nitamwaga unga wangu na kadi zisifunguliwe.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, kwa mkaa, kwenye sakafu ya karakana ya useremala ya baba, mama alipokuwa ameshaondoka. Sijui naogopa nini zaidi, kukosa kazi au wewe kujua. Naona aibu.

*

11 Machi

Chambua,

Rufaa imeandikwa. Mganga mfawidhi ameandika kwa utulivu kama ulivyoagiza, kwa utulivu kiasi kwamba hata mimi nilisinzia kabla ya kufika mwisho. Hakuna jibu.

Kikundi kimevunjika. Mganga mfawidhi amesema hawezi kuendesha huduma ambayo Mfuko umeiita wizi, na mimi simlaumu, ana kiti cha kulinda kama watu wengine. Mabenchi yamerudishwa ukutani. Wenye uwezo wanakuja kwenye foleni na kulipa. Saba nimewaona. Watano sijawaona.

Kicheko ni mmoja wa hao watano. Wiki tatu sasa. Mume wake ni mbeba mizigo, siku akipata wanakula, siku akikosa wanalala mapema. Alikuja dirishani mara moja, akaambiwa kadi imefungwa kwa sababu ya udanganyifu. Neno hilo lilisemwa kwa sauti, foleni nzima ikasikia. Hakucheka siku hiyo. Alikunja kadi yake ndani ya kitambaa akaondoka.

Jana fundi cherehani amenifuata nyumbani. Aliniambia hivi: "Bi Mkunga, nilipita kumwona mwenzangu. Pete imegoma kutoka kidoleni. Na uso umejaa. Mimi sijui, lakini ingekuwa Jumanne ningempima." Halafu akaanza kunipima mimi kwa macho, kama vile mimi ndiye ninayejua cha kufanya.

Nitaenda kwake Jumamosi na mashine yangu. Umeshamjua mtu huyo wa wino wa bluu? Hebu jitahidi. Mtu huyo akikosea si dhambi, miandiko kweli ilikuwa mingi. Mimi ningemwelewa. Mwambie hivyo, kwamba nimesema ningemwelewa.

Dada yako

*

19 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Pole kwa hayo. Nimesikitika sana kusikia habari za pete. Nakuomba umwambie apumzike, na apunguze chumvi, naamini hayo unayajua kuliko mimi.

Kuhusu rufaa, ipo kwenye meza ya mkuu wa kitengo. Nimeiona kwa macho yangu. Kuna nyingine nyingi juu yake. Kuhusu mtu yule, bado sijapata uhakika, na si vizuri kumtaja mtu bila uhakika. Nadhani tuache rufaa ifanye kazi yake.

Huku mvua haikatiki. Nimenunua viatu vipya, vimeshalowa.

Mdogo wako,
Chambua

*

2 Aprili

Chambua,

Viatu vyako vikauke salama.

Nilimpima Kicheko nyumbani kwake, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Presha mia na sitini kwa mia na tano. Nikapima tena, ikawa ile ile. Mkojo una protini. Anaona vimulimuli machoni na kichwa kinamgonga. Mimba ina wiki thelathini na mbili. Hii inaitwa kifafa cha mimba kinachobisha hodi, na dawa yake si kupunguza chumvi. Ni kulazwa, kuangaliwa kila saa, na mtoto kutolewa mambo yakichacha.

Nilimpeleka mwenyewe hospitali kubwa. Dirishani kadi ikakataa. Nikalipia mimi, akalazwa siku mbili, presha ikashuka kidogo. Siku ya tatu wakamruhusu, kitanda anataka mwingine, na mimi nilikuwa nimeishiwa. Nimempa vidonge na nimemwachia fundi cherehani mashine yangu. Anakwenda kumpima asubuhi na jioni, na yeye mwenyewe tumbo liko puani. Anaandika kwenye kadi ile ile. Udanganyifu unaendelea, mwambie mtu wako.

Kicheko kaniuliza, "Bi Mkunga, mimi nilidanganya nini?" Yeye mwenyewe akasema labda ni kwa sababu alimwandikia fundi uzito mdogo siku moja, fundi mwenyewe alimwomba, alikuwa anaona aibu. Alikuwa amebeba hilo moyoni tangu Februari. Anaamini kadi za watu kumi na wawili zimefungwa kwa ajili ya kilo mbili za fundi cherehani.

Nimekupigia Jumatatu mara tatu. Ya nne nikaambiwa hupatikani.

Nakuuliza kwa mara ya mwisho, na ufikiri kabla ya kujibu. Umemjua mtu huyo?

Dada yako

*

14 Aprili

Mdogo wangu,

Leo ni Jumanne. Kicheko amefariki jana saa tatu asubuhi.

Degedege zilianza anapika chai. Fundi cherehani ndiye aliyemkuta, alikuwa amekuja kupima. Alimlaza ubavu kama nilivyowafundisha wote, akaondoa jiko lisimuunguze, akapiga kelele. Walimbeba kwa mkokoteni wa mume wake. Walipofika kwangu nikamchoma sindano, tukaita gari la wagonjwa. Mtoto alitoka kabla gari halijafika. Wa kike. Hakulia. Mama yake alimfuata baada ya dakika arobaini, mkono wake uko ndani ya mkono wangu.

Kadi yake ya kliniki ninayo. Mstari wa mwisho umeandikwa na fundi Jumapili jioni. Mia na sabini kwa mia na kumi. Ameipigia mistari miwili chini. Alikuja kuniita usiku huo huo na mimi nilikuwa zamu ya kuzalisha, nikamwambia alfajiri nakuja. Sikwenda alfajiri. Kulikuwa na mwingine kitandani.

Sina zaidi ya hayo.

Dada yako

*

15 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Soma hadi mwisho kabla hujanikasirikia.

Ni mimi. Dawati la 7 ni mimi. Nimekuambatanishia barua niliyoandika Februari nikashindwa kuituma. Ya kwako ya tarehe 2 niliipata Alhamisi iliyopita, nikaitia kwenye droo, nikawa naifungua droo na kuifunga siku tano. Leo nimepiga moyo konde.

Niliingia kwa mkuu wa kitengo nikamwambia nilikosea. Akasema, "Umekosea wapi? Miandiko si tisa?" Nikamwambia ni tisa, na nikamweleza mabenchi, na duara, na kupimana wawili wawili, yote kama ulivyoniandikia. Nikamwambia pia wewe ni nani wangu. Akasema kama ningekuja Februari lingekuwa suala la kalamu tu, sasa ni suala la maelezo. Lakini alisaini. Juni sitabaki, hilo hakulisema ila limeeleweka, na cheti nimekitungua mwenyewe, pale ukutani pamebaki alama nyeupe.

Nimezifungua kadi zote kumi na mbili kwa mkono wangu, leo saa nne na dakika kumi asubuhi. Na kliniki ya kikundi imekubaliwa iendelee, miandiko yote. Barua za wanachama zimetoka leo hii hii. Nimeandika ya Kicheko ya kwanza kabisa. Mwambie aende hospitali kubwa hata leo, asisubiri barua, kadi inafanya kazi. Mwambie pia zile kilo mbili hazikuwa na shida yoyote. Mwambie nitakuja mwenyewe kumwomba radhi, nataka nisikie hicho kicheko chake.

Dada, nimelala vizuri jana kwa mara ya kwanza tangu Februari, nilipokata shauri tu. Nisamehe. Ulisema mtu huyo ungemwelewa.

Mdogo wako,
Chambua

*

29 Aprili

Chambua,

Barua zetu zilipishana njiani. Yako niliisoma nimesimama, kwenye chumba cha chanjo, nikaenda hadi mwisho kama ulivyoomba.

Ulilala vizuri usiku wa Jumanne. Jumanne hiyo tulikuwa tunamzika.

Sasa na mimi nina la kusema, na langu si dogo. Nilijua. Nilijua tangu siku ile fomu zilipofika, kabla sijakuandikia hata neno. Baba alipokata mlango mfupi kwa kuisoma saba kuwa moja, alianza kuifunga saba mshipi kiunoni na kuipinda mguu nyuma, na mimi nikakufundisha hivyo hivyo kwa mkaa pale sakafuni. Sijawahi kuona mtu mwingine anayeiandika hivyo. Fomu zilikuwa na saba za namna hiyo ishirini na sita. Nilizihesabu.

Kwa nini basi nikakuandikia nitafutie mtu huyo? Nilitaka useme mwenyewe. Nilikasirika, nikasema nitamtega, nitamwona atajitia hamnazo hadi lini. Ulipoleta habari za viatu nilicheka kwa hasira. Ningeandika mstari mmoja tu, "Najua ni wewe, fungua," ungefungua siku ya pili, nakujua. Hata tarehe 2 Aprili, nimetoka kumwona yule mtoto wa watu juu ya ndoo, bado nilikuuliza kwa mafumbo. Nilikuwa nataka uniombe msamaha kuliko nilivyotaka kadi ifunguliwe. Wiki tisa. Wewe ulikuwa unalinda kazi yako, lakini mimi nilikuwa nalinda nini?

Barua yenu kwa Kicheko ilifika Alhamisi. Mume wake aliniletea nimsomee. "Tunapenda kukujulisha kwamba kadi yako sasa iko wazi. Unaombwa kufika kituoni wewe mwenyewe ukiwa na kitambulisho." Nilimsomea yote, sikujua namna ya kuacha katikati. Alisikiliza, akasema, "Kwa hiyo hakudanganya." Nikamwambia hakudanganya. Akaniomba nimwandikie hilo kwenye karatasi, apeleke kwa mama mkwe wake. Nikaandika, nikagonga muhuri wa kituo.

Jana tulirudisha mabenchi. Wawili wameshajifungua, walikuja na watoto mgongoni. Nafasi ya Kicheko hakuna aliyeikalia. Wakati wa kupimana ulipofika kila mtu alimgeukia mwenzake, na fundi cherehani akabaki ameshika mashine, hana mtu. Wote wakaangalia chini. Nikaenda nikakaa pale, nikampa mkono wangu. Alifunga taratibu, akasoma, akasema, "Bi Mkunga, yako iko juu sana." Nikamwambia aandike.

Hawajui. Wanadhani ni kosa la Mfuko huko mbali, la watu wasio na sura. Sitawaambia peke yangu, na wewe hutawaambia kwa barua. Jumanne ijayo panda gari la dawa na dereva. Tunaanza saa tatu. Utakaa pale palipo wazi, na mimi nitakaa karibu yako, na tutasema, wewe lako, mimi langu, mbele ya wote kumi na mmoja. Wakitufukuza tutatoka pamoja. Usinijibu kwamba utakuja. Njoo tu.

Barua ya Kicheko nimeirudisha ndani ya bahasha hii. Namba yake ya uanachama ina saba mbili. Iondoe kwenye daftari la wanachama kwa mkono wako mwenyewe.

Dada yako,
Mkunga